Fedha inavyofichua kijidudu cha kaswende kilichojificha ndani ya tishu

MAMA mjamzito kutoka Tulia, kaunti ya Kitui, anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, hudungwa kidoleni na tone la damu yake hupimwa kaswende. Jibu hupatikana siku hiyo hiyo. Akipatikana na ugonjwa huo, sindano ya penisilini humtibu yeye pamoja na mtoto aliye tumboni. Hali ni iyo hiyo kwa mwenzake wa Wote au Kibwezi, katika kaunti jirani ya Makueni.

Lakini yuko mama ambaye hakufika kliniki, au alifika muda ukiwa umeyoyoma, na mtoto akazaliwa mfu katika mwezi wa saba wa ujauzito. Nyumbani hubaki maswali yasiyo na majibu. Baadhi ya jamaa watasema ni mkosi, wengine watamnyoshea jirani kidole, na wengine watamtupia lawama mama mwenyewe. Hata hivyo, huenda jibu limo ndani ya kondo la nyuma, ambalo aghalabu huzikwa au kuchomwa bila ya kuchunguzwa.

Iwapo kipande cha kondo hilo kitahifadhiwa ipasavyo na kumfikia mwanapatholojia, ipo njia ya zaidi ya karne moja inayoweza kumwonyesha kiini cha msiba huo. Njia yenyewe ni kuipaka tishu chumvi ya fedha, madini yale yale ambayo masonara hutumia kufulia vipuli na bangili. Kijidudu kisichoonekana kwa rangi za kawaida hugeuka kuwa cheusi tititi, kikajitokeza mbele ya jicho la mtaalamu.

Ugonjwa wa majina mengi

Katika Kiswahili maradhi haya huitwa kaswende, na pia sekeneko. Wapo wanaoyaita tego, jina ambalo vilevile ni la uchawi unaoaminika kumnasa mwanamume anayezini na mke wa mtu. Majina hayo yanaonyesha jinsi ugonjwa huu ulivyohusishwa tangu zamani na aibu na adhabu, jambo ambalo hadi leo huwafanya wagonjwa wengi kujificha.

Kisayansi, kaswende husababishwa na bakteria aitwaye Treponema pallidum. Umbo lake ni la mzongo, mithili ya waya uliosokotwa kuzunguka kijiti kisha kijiti kikachomolewa. Urefu wake ni kati ya mikromita 6 na 15, mikromita moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Wembamba wake ndio tatizo, kwani unene wa mwili wake haupiti mikromita 0.2 hivi. Kipimo hicho kiko kwenye mpaka wa uwezo wa hadubini ya kawaida inayotumia mwanga.

Isitoshe, bakteria huyu hashiki rangi ambazo maabara hutumia kila siku kuwatambua bakteria wengine. Neno la Kilatini pallidum, lenye maana ya kitu kilichopauka, alipewa kwa sababu hiyo. Tena hakubali kuoteshwa katika vyakula vya maabara kama wafanyavyo bakteria wengi. Kwa miongo mingi wanasayansi walilazimika kumtunza ndani ya sungura, na ni mwaka 2018 tu ambapo watafiti wa Texas, Marekani, walitangaza kwamba wamefaulu kumkuza kwa muda mrefu nje ya mwili wa mnyama, wakitumia seli hai za sungura.

Kwa hivyo, mwanapatholojia aliye na kipande cha ngozi, ini au kondo anakabiliwa na mgeni asiyeonekana na asiyeoteshwa. Ni kutokana na ugumu huo ndipo fedha ilipoingia.

Mwaka wa 1905

Bakteria wa kaswende alionekana kwa mara ya kwanza mjini Berlin, Ujerumani, mnamo Machi 3, 1905. Aliyemwona ni mtaalamu wa wanyama Fritz Schaudinn, akifanya kazi na daktari wa ngozi Erich Hoffmann. Walichunguza majimaji kutoka kwenye uvimbe wa ngozi wa mwanamke aliyeugua kaswende. Schaudinn alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 34.

Ugunduzi huo uliibua swali jingine. Kumwona bakteria katika majimaji ya kidonda ni jambo moja; kumwona ndani ya kiungo, pale anapofanya uharibifu wake, ni jambo tofauti. Bila ya ushahidi wa pili, wapinzani wangeweza kudai kwamba viumbe hao walikuwa wapita njia tu waliovamia kidonda kutoka nje.

Jibu lilipatikana mwaka huo huo wa 1905. Constantin Levaditi, mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, aliazima mbinu iliyobuniwa na Mhispania Santiago Ramón y Cajal kwa ajili ya kuchunguza neva. Cajal alikuwa ameloweka vipande vya ubongo katika nitrati ya fedha na kuzifanya nyuzi za neva zionekane nyeusi. Levaditi alifanya vivyo hivyo kwa viungo vya watoto waliofariki kutokana na kaswende waliyorithi kwa mama zao. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Vijidudu vyeusi vya mzongo vilijaa tele ndani ya maini ya watoto hao.

Watafiti wengine wa Ulaya, wakiwemo Waitaliano Bertarelli na Volpino, walikuwa wakijaribu fedha wakati uo huo. Mwaka 1906 Levaditi na mwenzake Manouélian walitoa toleo lililofanya kazi kwa haraka zaidi kwa kuongeza kemikali ya piridini.

Ushindi mkubwa uliofuata ulikuwa wa mwaka 1913. Wakati huo hospitali za wagonjwa wa akili za Ulaya na Marekani zilijaa watu waliopooza na kurukwa na akili pole pole, na ilishukiwa tu kwamba kaswende ya miaka mingi ndiyo iliyokuwa chanzo. Mjapani Hideyo Noguchi, akishirikiana na J. W. Moore jijini New York, alichunguza ubongo wa wagonjwa 70 waliofariki kwa ugonjwa huo, kwa kutumia njia ya fedha. Katika baadhi yao alimwona treponema ndani ya ubongo wenyewe. Tangu siku hiyo haikuwezekana tena kudai kwamba maradhi hayo ya akili hayana uhusiano na kaswende. Noguchi mwenyewe alifia Accra, Ghana ya leo, mwaka 1928, akichunguza homa ya manjano.

Kutoka kipande hadi slaidi

Njia ya Levaditi ilikuwa na kasoro moja kubwa. Kipande kizima cha tishu kililowekwa katika fedha kwa siku kadhaa kabla ya kukatwa. Fedha haikupenya sawasawa, na kipande kikishalowekwa hakingeweza kutumika tena kwa uchunguzi mwingine.

Mwaka 1920 Aldred Scott Warthin wa Chuo Kikuu cha Michigan na mwenzake Allen Starry walitangaza njia ya kuipaka fedha tishu iliyokwisha kukatwa nyembamba na kubandikwa juu ya slaidi, yaani kile kibamba cha kioo kinachowekwa chini ya hadubini. Hapo ndipo ilipowezekana kukata vipande kadhaa kutoka katika sampuli moja, kimoja kikapakwa rangi za kawaida na kingine fedha, kisha vikalinganishwa.

Mwaka 1927 ikafuata njia ya Dieterle, na mnamo miaka ya 1940 ile ya Steiner. Zote mbili zilitumia chumvi ya urani kupunguza weusi usiotakiwa katika tishu, ingawa maabara nyingi za siku hizi zimeacha urani kwa sababu ya sumu na mionzi yake na kutafuta badala yake. Hadi leo majina ya Warthin-Starry, Dieterle na Steiner ndiyo yanayotajwa zaidi katika vitabu vya maabara.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Msomaji aliyewahi kuingia katika chumba cha giza cha mpiga picha, enzi za filamu za nyeusi na nyeupe, hatapata taabu kuelewa mbinu hii. Kanuni ni ile ile. Chembe za fedha zisizoonekana hushikamana na mahali fulani, kisha dawa ya kusafishia picha huzigeuza kuwa madini meusi yanayoonekana. Hata moja ya dawa za wapiga picha, haidrokwinoni, ndiyo inayotumika katika njia ya Warthin-Starry.

Kwanza, tishu iliyotolewa mwilini hutiwa katika fomalini ya asilimia 10 ili isioze na ili umbo la seli lisiharibike. Baadaye maji huondolewa ndani yake kwa alkoholi, na tishu ikagandishwa ndani ya nta ya parafini. Mashine yenye wembe mkali huikata vipande vyembamba vya mikromita chache, ambavyo hubandikwa kwenye slaidi. Nta ikiyeyushwa, hubaki tishu tupu iliyo tayari kupakwa.

Pili, slaidi huwekwa katika myeyusho wa nitrati ya fedha wenye uvuguvugu na uliotiwa asidi kidogo. Kiwango cha asidi ni muhimu sana, na kwa kawaida hutakiwa kiwe karibu na pH 4. Asidi ikipungua, kila kitu katika tishu huwa cheusi. Ikizidi, fedha haishiki. Katika hatua hii ioni za fedha hujishikiza kwenye mwili wa bakteria, lakini bado hakuna kinachoonekana.

Tatu, slaidi hutiwa katika mchanganyiko wa moto wa fedha, jelatini na haidrokwinoni. Haidrokwinoni huzigeuza ioni kuwa chembe za madini, nayo jelatini huzuia madini hayo yasirundikane ovyo ovyo. Fundi wa maabara hana budi kusimama hapo hapo na kukodoa macho. Tishu hubadilika kutoka nyeupe kuwa ya manjano, kisha rangi ya dhahabu, kisha hudhurungi. Akiitoa mapema, bakteria hawataonekana. Akichelewa hata kwa muda mfupi, tishu nzima itakuwa giza. Mara tu rangi inayofaa inapofikiwa, slaidi huoshwa kwa maji ya moto ili kazi isimame.

Kazi ikifaulu, treponema huonekana kama nyuzi nyeusi zilizosokotwa juu ya uwanja wa rangi ya dhahabu. Fedha iliyorundikana juu ya miili yao huwanenepesha, na hiyo ndiyo siri ya kuonekana kwao, kwani sasa wamevuka mpaka ule wa uwezo wa hadubini.

Wataalamu huigawa tishu inayopakwa fedha katika makundi mawili. Kuna ile inayoweza yenyewe kuigeuza fedha kuwa nyeusi, na ile inayoipokea tu na kuhitaji dawa nyingine ya kuigeuza. Bakteria wa kaswende yumo katika kundi la pili. Tofauti hiyo, ijapokuwa yaonekana ndogo, ina uzito mkubwa wakati wa kusoma slaidi, kama itakavyoonekana hapa chini.

Mitego ya msomaji wa slaidi

Rangi ya fedha ina sifa ya kuwa na kisirani. Chombo kisichosafishwa vizuri kwa asidi, maji yenye chumvi badala ya yale yaliyokenekwa, au koleo la chuma linapogusa myeyusho, vyote hivyo huacha madoa meusi. Nitrati ya fedha hudhuriwa na mwanga, hivyo huwekwa katika chupa za rangi ya kahawia, na ikimgusa mtu huacha doa jeusi kwenye ngozi kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo, kila sampuli hupakwa pamoja na slaidi ya majaribio inayojulikana kuwa na bakteria. Slaidi hiyo isipoonyesha nyuzi nyeusi, majibu ya siku hiyo hayaaminiki.

Mtego wa pili ni kwamba fedha haibagui. Hushika bakteria wa kila aina, wakiwemo wale wanaoozesha mwili baada ya kifo. Mtoto mfu akikaa saa nyingi kabla ya tishu yake kutiwa katika fomalini, hasa katika joto la nyanda kame kama zile za Kitui na Makueni, mtaalamu anaweza kukuta slaidi imejaa viumbe visivyohusiana na kaswende. Fedha hushika pia nyuzi za kawaida za mwili, na nyuzi nyembamba iliyopinda huweza kumhadaa asiye na uzoefu.

Mtego wa tatu unahusu ngozi ya Mwafrika moja kwa moja. Melanini, ile rangi ya asili inayoipa ngozi weusi wake, imo katika kundi la kwanza la tishu zilizotajwa hapo juu. Huigeuza fedha kuwa nyeusi bila ya kusaidiwa. Seli zinazotengeneza melanini zina vijimkono vyembamba vilivyopindapinda, na zinakaa kwenye mpaka kati ya tabaka la juu la ngozi na lile la chini. Kwa bahati mbaya, hapo ndipo treponema hupenda kukusanyika. Katika ngozi nyeusi, kwa hivyo, msomaji wa slaidi anatakiwa kuwa mwangalifu maradufu kabla ya kutamka kwamba ameona kaswende.

Mtego wa mwisho ni wa kutoona kitu. Bakteria huwa tele katika kidonda cha mwanzo, katika vipele vya hatua ya pili na katika viungo vya mtoto aliyeambukizwa tumboni. Lakini katika majeraha ya hatua ya mwisho, yanayojitokeza miaka mingi baadaye, huwa wachache mno. Vilevile hutoweka haraka mgonjwa anapopewa penisilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu ngozi za wagonjwa wa kaswende ya hatua ya pili ulionyesha kwamba fedha iliwafichua bakteria katika asilimia 41 tu ya sampuli, ilhali njia mpya inayotumia kingamwili ilifikia asilimia 71. Slaidi isiyo na nyuzi nyeusi, kwa hivyo, haimwondolei mtu ugonjwa.

Uganda na kosa la Lambkin

Historia ya Afrika Mashariki inadhihirisha gharama ya kutangaza kaswende bila ya ushahidi wa kutosha. Mnamo mwaka 1907, Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitumwa Uganda kuchunguza taarifa za kuenea kwa ugonjwa huo. Ripoti yake, iliyochapishwa mwaka 1908, ilidai kwamba sehemu kubwa ya watu wa Buganda walikuwa wameambukizwa na kwamba taifa zima lilikuwa hatarini. Madai hayo yaliegemea zaidi vidonda na makovu yaliyoonekana kwa macho. Yalizua kampeni kali ya matibabu, na Hospitali ya Mulago jijini Kampala ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa.

Baadaye shaka ilizuka. J. N. P. Davies, mwanapatholojia aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1956 kuhusu historia ya kaswende nchini Uganda na kueleza kwamba ugonjwa uliowatia hofu wakoloni haukuwa mgeni, wala haukuenezwa kwa zinaa pekee. Kwa maoni yake, sehemu kubwa ilikuwa kaswende ya kienyeji ambayo watoto huambukizana kwa kugusana. Wanahistoria waliomfuata wameongeza kwamba wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende huenda waliugua buba.

Buba husababishwa na ndugu wa karibu mno wa bakteria wa kaswende, aliyeonwa na Mwitaliano Aldo Castellani huko Colombo mwaka 1905, miaka michache baada ya yeye kufanya kazi Uganda katika uchunguzi wa malale. Ugonjwa huo huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa miongoni mwa watoto wa vijijini katika maeneo yenye joto na unyevu, wala si wa zinaa. Nchini Kenya, kampeni za miaka ya 1920 za kutibu buba kwa sindano ndizo zilizowafanya wananchi wengi kuipenda sindano na kuiamini hospitali. Kati ya mwaka 1952 na 1964, WHO na UNICEF waliwatibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46 na kuupunguza ugonjwa huo kwa kiasi cha asilimia 95.

Je, fedha ingaliweza kumsahihisha Lambkin? Kwa kiasi fulani tu. Ingemwonyesha ni vidonda vipi vilikuwa na treponema na vipi havikuwa nao. Lakini isingeweza kumwambia kama ni kaswende au ni buba, maana chini ya hadubini bakteria hao wawili wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Fedha huonyesha umbo, haitaji jina.

Nyani wa Manyara

Fundisho hilo lilijirudia karne moja baadaye nchini Tanzania. Nyani wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara walionekana wakiwa na vidonda vibaya kwenye sehemu zao za siri, kiasi cha baadhi yao kuharibika kabisa. Mwaka 2007 watafiti waliwapiga nyani 63 sindano za usingizi na kuchukua sampuli zao.

Uchunguzi wa tishu ulionyesha majeraha yanayofanana na yale ya kaswende ya binadamu. Mahali palipoathirika pia palikuwa pa kaswende. Lakini vipimo vya molekuli vilipochunguza jeni za bakteria huyo, iligunduliwa kwamba yuko karibu zaidi na yule wa buba. Tangu hapo, uchunguzi umeonyesha kwamba nyani, tumbili na jamaa zao katika maeneo mengi ya Tanzania wanabeba treponema wa aina hiyo. Jambo hilo linawapa wataalamu wa afya sababu ya kuwa macho, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lingali linapania kuitokomeza buba kabisa duniani.

Mama na mtoto

Matumizi ya maana zaidi ya fedha katika kanda hii yamo katika chumba cha kujifungulia. Treponema huvuka kondo na kuingia katika damu ya mtoto. Kondo la mama mwenye kaswende mara nyingi huwa kubwa na lililopauka. Chini ya hadubini, vijidole vyake vinavyonyonya lishe huonekana vimevimba na kujaa seli, nayo mishipa ya damu huwa imenenepa kuta. Kitovu nacho huweza kuwa na uvimbe wenye michirizi. Ishara hizo humfanya mwanapatholojia aagize rangi ya fedha. Nyuzi nyeusi zikionekana katika kitovu, kondo, au ini na mapafu ya mtoto, suala huwa limekwisha.

Ukubwa wa madhara haya ulipimwa jijini Mwanza, Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Miongoni mwa akina mama wasiotibiwa waliokuwa na kaswende kali, asilimia 25 walijifungua watoto wafu, ikilinganishwa na asilimia 1 ya wale wasiokuwa na ugonjwa huo. Watafiti walikadiria kwamba kaswende ndiyo iliyosababisha asilimia 51 ya vifo vyote vya watoto waliozaliwa wafu katika kundi hilo la akina mama. Hata hivyo, sehemu ya pili ya utafiti huo ilileta matumaini. Akina mama waliopimwa na kudungwa sindano moja ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, hawakupata madhara kuliko wale wasioambukizwa.

Jijini Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, upimaji uliondolewa katika maabara kuu na kupelekwa katika kliniki za mitaani ili mama apate jibu na sindano siku moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulibainisha kwamba asilimia 1.8 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na kaswende. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo kimoja kinachotambua virusi vya Ukimwi na kaswende kwa tone moja la damu, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizokikubali kwa akina mama wajawazito.

Licha ya hatua hizo, vita havijakwisha. Shirika hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu wazima milioni 8 waliambukizwa kaswende duniani, na kwamba wanawake wajawazito milioni 1.1 walikuwa nayo, hali iliyosababisha madhara katika mimba zaidi ya 390,000.

Mbona fedha ingalipo?

Siku hizi kingamwili zinazomtambua treponema pekee zinaweza kupakwa juu ya tishu, na kipimo cha PCR huweza kutambua jeni zake hata bakteria wakiwa wachache. Katika hospitali kubwa za mataifa tajiri, njia hizo zimeisukuma fedha kando. Lakini kingamwili hugharimu pesa nyingi, huhitaji kuhifadhiwa katika baridi na huharibika muda wake unapokwisha. Nitrati ya fedha, haidrokwinoni na jelatini huweza kukaa kabatini, na fundi mmoja stadi hutosha kuifanya kazi hiyo.

Aidha, ule udhaifu wa fedha wa kutobagua umewahi kugeuka kuwa neema. Ugonjwa wa mapafu usiojulikana ulipowaua watu Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, ni rangi ya Dieterle iliyosaidia kuwaonyesha bakteria waliokuwa wamejificha mapafuni. Mwaka 1979 Robin Warren wa Perth, Australia, alitumia rangi ya Warthin-Starry kuwafichua bakteria ndani ya tumbo la binadamu, wakati ambapo madaktari wengi waliamini kwamba hakuna bakteria anayeweza kuishi humo. Kutokana na ugunduzi huo wa chanzo cha vidonda vya tumbo, yeye na Barry Marshall walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Njia zilizotengenezwa kwa ajili ya kaswende ndizo zilizofungua milango hiyo.

Kwa familia iliyompoteza mtoto, ipo faida iliyo karibu zaidi. Tishu haiwezi kumrudisha aliyekufa. Lakini slaidi yenye nyuzi nyeusi humwambia daktari kwamba mama anahitaji penisilini, kwamba mumewe naye sharti apimwe na kutibiwa, na kwamba watoto waliomtangulia marehemu wanastahili kuchunguzwa. Huiondolea nyumba shaka ya uchawi na kuibadilisha na ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Mimba inayofuata, ikipimwa mapema, ina kila nafasi ya kufika salama.

Ili hayo yawezekane, mambo mawili yanahitajika kabla ya fedha yenyewe. La kwanza ni mhudumu kukumbuka kukata kipande cha kondo na kitovu na kukitia katika fomalini bila ya kukawia. La pili ni familia kukubali. Yaliyosalia ni kazi ya fundi, saa yake na chupa yake ya kahawia.